Tulianza na Ukuta: Niliyojifunza Kujenga Shule ya Msingi ya Parokia Malindi

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka mahali paitwapo Hindi, kule Lamu, alinipigia simu. Waumini wa kanisa lao wanataka kufungua shule ya msingi, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Aliniambia kwa furaha kwamba mawe yameshashushwa, lori mbili, na fundi ameshachukua nusu ya pesa zake. Nikamuuliza hati ya kiwanja ina jina la nani. Kimya. Nikamuuliza maji ya kisima cha hapo yana ladha gani. Akasema, "Mama, hayo si tutayaona mbele ya safari?"

Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2001, nikiwa na miaka 29 na cheti cha ualimu kisicho na kazi. Yalitugharimu karibu miaka kumi, pesa ambazo nikizikumbuka bado zinaniuma, na urafiki wa watu wawili ambao sijaupata tena. Kwa hiyo namwandikia yeye, na mwingine yeyote ambaye lori lake la mawe liko njiani.

Mimi ni Mtaita. Nilikulia karibu na misheni ya Bura, ambako Ukatoliki ni wa tangu karne ya 19 na shule ya kanisa haimshangazi mtu. Niliolewa Malindi, nikahamia na fikra hiyo kichwani. Nilimaliza chuo cha ualimu wakati serikali imesimamisha kuajiri walimu wapya, nikawa nauza leso sokoni na kufundisha katekisimu Jumapili. Tarehe 2 Juni 2000 Malindi ilikatwa kutoka Mombasa ikawa jimbo lenyewe, na Francis Baldacchino, mtawa Mkapuchini kutoka Malta, akawa askofu wetu wa kwanza. Jimbo hilo linaanzia huku kwetu, linapita Tana River, linaishia Lamu kwenye mpaka wa Somalia. Karibu kila kanisa dogo likaanza kuongea habari za shule. Na sisi tukaongea.

Kanisa letu lilikuwa banda la makuti nje ya mji, upande wa Ganda. Watoto wa hapo walitembea zaidi ya saa nzima kwenda shule ya serikali, na wadogo hawakwenda kabisa mpaka miguu ikomae. Januari 2001 Padri alinipa ubao mweusi, boksi mbili za chaki na baraka zake. Nikaanza chini ya mwembe na watoto 23. Karo ilikuwa shilingi 100 kwa mwezi, na kila Ijumaa mtoto alete ukuni mmoja wa kupikia uji.

Kosa la kwanza lilikuwa la neno. Padri alikuwa mgeni kama mimi, na kwa desturi ya Kanisa akawa anapaita mahali petu kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Kibao cha njiani kikaandikwa hivyo hivyo: Chekechea ya Kigango. Kwa Wagiriama kigango ni ule mti uliochongwa unaosimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, na hauguswi ovyo. Kwa wiki kadhaa wazee walikuwa wakipita, wanakitazama kibao, wanaondoka bila neno. Mama mmoja muuza mahamri ndiye aliyenivuta pembeni akaniuliza kwa nini tunawasomesha watoto penye wafu. Tulilifuta neno siku hiyo hiyo. Lakini hapo niliona kwamba tumeingia kwa watu bila kupiga hodi. Tulimuuliza Padri, tuliiuliza kamati ya parokia, tuliziuliza jumuiya ndogo ndogo. Wenyeji wa mahali hatukuwauliza.

Kiwanja tulipewa na mzee jirani, asiye Mkristo, ambaye wajukuu wake wanne walikuwa kati ya wale 23. Ekari moja na nusu. Alisimama katikati ya minazi yake akasema, "Hapa pasomwe." Tukampa mbuzi na shilingi 10,000 za heshima, naibu wa chifu akiwepo, na mashahidi wanne wakatia sahihi na vidole kwenye karatasi ya daftari. Karatasi hiyo niliiweka ndani ya Biblia yangu. Kwa miaka minne niliamini tuna shamba.

Mzee alifariki mwaka 2005. Tulimzika, watoto wa shule wakaimba. Januari iliyofuata nilifika asubuhi nikakuta lango limezibwa kwa matawi ya miiba na wanawe wawili wamekaa juu ya jiwe la msingi. Mmoja nilimjua, alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa. Aliniamkia kwa adabu. "Mwalimu, hatuna ugomvi na wewe. Lakini baba alikupa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake." Alisema kweli. Hati ilikuwepo, ila ilikuwa kwa jina la babu yao aliyefariki zamani, na mirathi haikuwahi kufunguliwa. Mzee alikuwa anawatunzia wenzake. Ndugu zake hawakuulizwa, wala wake zake. Ile karatasi ya kwenye Biblia haikuwa na nguvu yoyote mbele ya sheria.

Nikaongeza kosa juu ya kosa pale pale langoni. Nilipandisha sauti. Nikasema nitaita polisi, mbele ya watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wamesimama na vikombe vyao vya uji. Yule wa bandarini hajaniamkia tena mpaka leo.

Kulimaliza jambo hilo kulichukua zaidi ya miaka miwili. Familia ilibidi kwanza ifungue mirathi mahakamani. Kisha sorovea akakata kipande chetu, bodi ya ardhi ikakaa na kutoa idhini, ndipo hati ikatoka, mwaka 2008. Familia tuliilipa shilingi 240,000. Sorovea, wakili na nauli za kwenda na kurudi zikala karibu 90,000 nyingine. Harambee ya parokia ilileta 85,000, na zilizobaki tulizitoa kwenye fungu la kujengea madarasa mawili. Ndiyo maana darasa la tano na la sita walisomea kanisani muda wote huo. Kila Ijumaa jioni wavulana walitoa madawati nje, kila Jumatatu alfajiri wakayarudisha ndani, na katekista alifuta hesabu zao ubaoni kabla ya misa.

Upekuzi wa jina la mwenye shamba kwenye ofisi ya ardhi una ada ndogo tu. Ungetuonyesha jina la babu siku ya kwanza. Kwa hiyo, kijana wangu, kabla hujamlipa fundi senti nyingine, nenda ofisi ya ardhi. Nawe uko Lamu, ambako mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za maelfu ya ekari. Unajua mwenyewe uchungu wa ardhi huko. Anayewapa kiwanja aende nanyi mbele ya bodi ya ardhi angali hai na ana nguvu za kutembea. Wake na watoto wake wakubwa wakae kikaoni, waseme kwa vinywa vyao. Na hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, isiandikwe kwa jina la Padri wala mwenyekiti, maana Padri huhamishwa na mwenyekiti hufa.

Sasa ukuta. Fundi wetu wa kwanza alikuwa muumini mwenzetu na mtu wa bei nzuri. Lori la mchanga wa mto Sabaki lilikuwa karibu mara mbili ya lori la mchanga uliochimbwa karibu na bahari, naye akasema mchanga ni mchanga. Kisima chetu kilikuwa cha futi 40 na maji yake ya chumvi. Akachanganyia simiti maji hayo hayo. Madarasa matatu ya kwanza yalipendeza sana. Tuliyapaka nyeupe na buluu, rangi za Mama Maria, na siku ya kubariki nililia.

Chumvi haina haraka. Mwaka wa pili rangi ilianza kuinuka kama magamba ya samaki. Mwaka wa nne ukipitisha kidole ukutani kinatoka na unga mweupe, na watoto walikuwa wakiulamba. Ndivyo nilivyojua ni nini. Ndani ya zege nondo zikashika kutu, kutu ikavimba, ikalipasua linta kwa ufa mwembamba kama uzi. Niliutazama ufa ule kila asubuhi nikisali na darasa la tatu. Usiku mmoja wa Mei 2011, mvua ikinyesha, kipande cha linta chenye ukubwa wa mkate kilianguka juu ya dawati la mbele. Nilikikuta asubuhi. Nondo iliyobaki juu ilikuwa nyekundu, imeachana tabaka kwa tabaka kama chapati, ukiishika inamegeka mkononi. Wasichana wawili wa dawati lile walikuwa wameshafika, wamesimama mlangoni na mikoba mgongoni, wananiuliza wakae wapi. Niliwatuma wakaangalie uji, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni mpaka magoti yakaacha kutetemeka.

Tuliyabomoa yote matatu. Kuyajenga upya kulichukua zaidi ya mara mbili ya gharama za mwanzo, safari hii kwa mchanga wa mto na maji matamu yaliyoletwa kwa bauza. Pesa hizo zilikopwa, na tulizilipa kwa miaka minne. Kisha tukafunga mifereji ya bati kwenye mapaa na matangi mawili ya lita 10,000. Masika ikinyesha vizuri tunapikia uji maji ya mvua mpaka mwezi wa Agosti. Onjeni maji ya kisima kabla ya kuchora ramani ya jengo, na siku ya mchanga mwanakamati mmoja asimame pale lori linapopakiwa.

Nirudi nyuma kidogo. Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifanya elimu ya msingi kuwa bure katika shule za umma. Ilikuwa habari njema kwa nchi, nami niliifurahia na kuiogopa siku hiyo hiyo. Tulikuwa na watoto 61. Mwisho wa Februari walibaki 27. Nikashusha karo mpaka haikutosha hata unga, nikidhani nitawarudisha kwa bei. Hawakurudi. Deni la dukani likafika shilingi 47,000, na mwalimu mwenzangu akakaa miezi mitatu bila mshahara, mimi nikimwambia avumilie kwa ajili ya Mungu. Hilo nililiungama. Mtu ana watoto, ana kodi ya nyumba, nami nilitumia imani yake kuficha hesabu zangu mbaya. Watoto walianza kurudi mwaka 2004, madarasa ya umma yalipojaa mpaka mwalimu hawezi kupita kati ya madawati. Walirudi kwa sababu huku kila mtoto aliitwa kwa jina lake na uji ulikuwa tayari saa nne.

Hapa niseme jambo ambalo hata wanakamati hulichanganya. Shule inayodhaminiwa na Kanisa na shule ya Kanisa yenyewe ni vitu viwili. Ile ya kwanza ni ya umma: walimu wanaajiriwa na kulipwa na serikali kupitia Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, na Kanisa, likiwa mdhamini, lina wajumbe kwenye bodi na linaangalia mambo ya imani na maadili. Ya pili kisheria ni ya binafsi: mshahara, chaki, uji, choo, vyote ni juu yenu, na walimu wenu wazuri wataitwa na TSC katikati ya muhula, nanyi mtawaombea heri. Sisi tulichagua ya pili bila kujua kwamba tumechagua. Kama nia yenu ni watoto wa maskini kabisa, ongeeni kwanza na ofisi ya elimu juu ya ile ya kwanza. Huenda kinachotakiwa hapo ni kiwanja chenu tu.

Karo ilinisumbua miaka mingi kwa sababu nilikuwa nikiidai kwa kalenda isiyo ya hapa. Wazazi wetu wengi wanaishi kwa hoteli: wapishi, walinzi, wafua nguo, wachonga vinyago, madereva wa tuktuk. Hoteli za Malindi na Watamu zinapumua kwa kaskazi. Kuanzia Desemba wageni wamejaa, wengi wao Waitaliano. Masika ikiingia Aprili hoteli nyingi hufungwa na wafanyakazi hurudishwa nyumbani mpaka Julai. Muhula wa pili nao ulikuwa ukifunguliwa Mei. Kwa miaka sita niliwatuma watoto nyumbani kufuata karo mwezi huo huo, na walirudi macho mekundu, mikono mitupu, kwa sababu nyumbani pesa haikuwepo. Baada ya vurugu za uchaguzi, mwaka 2008, wageni hawakuja hata kwa kaskazi. Hapo ndipo mpishi mmoja, baba wa watoto watatu, alikuja ofisini na hesabu aliyoiandika nyuma ya boksi la majani ya chai. Karo ya mwaka mzima igawanywe: fungu kubwa Januari na Februari, dogo sana Mei, kubwa tena Agosti. "Mwalimu," alisema, "mimi nikiwa na pesa nitakupa kabla hujaniuliza. Niulize wakati ninazo." Tulijaribu kwa wazazi kumi, mwaka uliofuata kwa wote. Madeni yalipungua zaidi ya nusu. Wavuvi nao wakaomba yao ifuate bahari, maana kusi ikichafuka hawatoki.

Jambo dogo lakini zito: akaunti ya shule iwe ya shule. Yetu kwa muda mrefu ilikuwa ndani ya akaunti ya parokia, na mwaka mmoja karo ya muhula ikatengeneza gari la parokia. Hakuna aliyeiba. Lakini nilikosa la kuwaambia walimu. Sasa watia sahihi ni watatu na mmoja ni mzazi.

Lililoniumiza na kunifundisha kuliko yote ni la dini. Malindi ni mji wa Waislamu tangu kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapa mwaka 1498. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mwaka 1542 akielekea Goa, na kanisa dogo la Wareno bado lipo mjini, limeezekwa makuti. Huwapeleka watoto wakalione. Kwa hiyo Ukristo si wa jana hapa. Lakini ulikuja ndani ya merikebu zenye mizinga, na watu hawajasahau. Mimi wa Bura sikuwa na kumbukumbu hiyo. Mwaka wa kwanza niliwafundisha watoto wote ishara ya msalaba kila asubuhi, Waislamu wakiwemo, na masomo ya ziada nikayaweka saa kumi alasiri. Saa kumi watoto wa Kiislamu huenda chuoni kusoma Kurani. Sikujua. Niliwaadhibu kwa utoro.

Siku moja watoto tisa wakaondolewa kwa pamoja. Yule mama wa mahamri akanichukua mpaka kwa maalim wa chuo, nyumba ya pili baada ya msikiti.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Karibu, mwalimu, kaa."

Alinimiminia kahawa, akasogeza kisahani cha halwa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ukinileta mwanao nimfundishe hesabu, nami kila asubuhi kabla ya hesabu nikamtamkisha shahada, utanionaje?" Nilikunywa kahawa ile mpaka ikaisha bila jibu.

Tuliyokubaliana baada ya hapo tuliyaandika, na yamesimama mpaka leo. Mtaala wa Kenya una Elimu ya Dini ya Kikristo na Elimu ya Dini ya Kiislamu, na mtoto huchukua moja. Tukaajiri ustadhi kwa mshahara ule ule wa walimu wengine, vipindi vikaenda kwa wakati mmoja, vyumba viwili. Kwenye paredi Mkristo husali, Mwislamu husimama kimya na moyo wake. Ijumaa tunafunga saa sita. Masomo ya ziada yakahamia asubuhi. Msichana anayevaa ushungi huvaa wa rangi ya sare. Baadhi ya waumini wetu walikasirika. Msimamizi wa ndoa yangu mwenyewe alisimama baada ya misa akauliza kama hii bado ni shule ya Kikatoliki, na aliponiona sibadiliki akaacha kuja nyumbani kwetu. Huyo ni yule wa pili niliyempoteza. Bado naamini tulifanya sawa, na bado namkumbuka kila sikukuu.

Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni, huko huko Lamu. Aprili iliyofuata wanafunzi wakauawa Chuo Kikuu cha Garissa. Wazazi waliogopa mahali popote penye msalaba, na asubuhi ya kufungua shule sikujua nitampata mtoto hata mmoja. Nilifika saa kumi na mbili kasoro. Maalim alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda langoni, mkongojo magotini, na vijana wake wanne wamesimama pembeni ya ukuta. Walikuja hivyo kila asubuhi kwa wiki mbili. Sikuwa nimemwomba.

Usajili nautaja haraka kwa kuwa uchungu wake ulitokana na ule wa ardhi. Bila hati hakuna usajili, na bila usajili hakuna kituo cha mtihani. Darasa letu la nane la kwanza, watoto 17, walifika mwaka 2009, nasi tulikuwa bado tunasubiri ukaguzi. Mwezi mmoja kabla ya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, tarehe 9 Oktoba, Askofu Baldacchino akafariki. Watoto wale walifanya mtihani katika shule jirani, wakiwa na majonzi na sare tofauti na za wenzao, na matokeo yao yakahesabiwa kwa shule hiyo. Siku hizi maombi hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Watataka hati au mkataba wa kukodi, ripoti ya afisa wa afya ya umma, ripoti ya wakaguzi wa elimu, vyeti vya walimu pamoja na nambari zao za TSC. Afisa wa afya ataanza kwa vyoo. Jengeni vyoo kabla ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Na vyeti vya kuzaliwa. Tangu NEMIS, mfumo wa serikali wa kuandikisha wanafunzi kwa kompyuta, uanze mwaka 2017, mtoto asiye na cheti anasumbuka kuingizwa, na huku kwetu wengi walizaliwa nyumbani. Msingoje darasa la mtihani. Sisi sasa tunaanzia chekechea: mama akija kuandikisha mtoto bila cheti, tunampokea mtoto siku hiyo hiyo, na wiki hiyo hiyo karani wetu anamsindikiza mama kwa naibu wa chifu, halafu mjini.

Wafadhili walitusaidia sana, nami nawashukuru. Ila tulikosea kumpa kila mfadhili mtoto wake mmoja. Mtoto mwenye mfadhili alivaa viatu vipya, mwenzake wa dawati moja akaenda pekupeku, na wageni walipopungua mwaka 2014 wafadhili kadhaa wakanyamaza, watoto wao wakabaki njiani wakidhani wamekosea jambo. Mmoja aliniuliza kama ni kwa sababu ya hati yake mbaya ya kuandika kwenye barua. Tangu hapo msaada unaingia kwenye mfuko wa darasa zima.

Korona ilifunga shule Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Kanisa nalo lilifungwa, hivyo hata sadaka hazikuwepo. Tuliwapa walimu shilingi 3,000 kila mmoja kwa miezi minne, kisha tukaishiwa. Mmoja akaendesha boda boda, mmoja akauza viazi karai. Tulifunga na watoto 318, tukafungua na 251. Wengine tuliwafuata nyumba kwa nyumba na kuwarudisha, wakiwemo wasichana wawili waliokuwa wamejifungua. Mmoja wao sasa yuko chuo cha uuguzi.

Mimi nimestaafu ukuu wa shule, lakini kamati bado huniita. Mtaala mpya umeleta sekondari ya chini ndani ya shule za msingi tangu Januari 2023, na gredi ya 7 mpaka ya 9 inahitaji maabara. Maabara inahitaji nafasi, nusu ekari upande wa kisima, nayo ni ya familia ile ile ya mzee. Safari hii nilianzia kwa mjane wake. Nilikwenda mara tatu kabla ya kutaja ardhi. Mara ya nne yeye ndiye aliyeitaja. Wanawe wote wameketi kikao, hata yule wa bandarini alikuja, akakaa mbali nami, akasema anakubali.

Jumanne ijayo sorovea anakuja. Bibi amesema atakuwepo mwenyewe mpakani na ameshawaagiza wajukuu wambebee kiti. Nimemwambia kijana wa Hindi apande basi la Jumatatu, alale kwetu, ili saa mbili asubuhi awe pale jiwe la mpaka linapozikwa.